Alama kukaa juu au chini siyo darubini mbovu

Kwa wanaokusanya bunduki za zamani za uwindaji za Kijerumani kuna imani ya miaka mingi, ukichungulia kwenye darubini inayofungwa juu ya bunduki ukakuta alama ya kulengea haiko katikati basi hiyo imeshakufa, iliangushwa, achana nayo. Siyo kweli jamani. Chukua Zielvier, darubini ya kampuni ya Zeiss ya mji wa Jena, Ujerumani, ile inayokuza mara 4 (vier ni nne kwa Kijerumani), juu yake ina nobu ya kupandisha na kushusha, na ukiizungusha unaiona kabisa alama yenyewe ikisogea huku picha imetulia palepale, ndo ilivyotengenezwa. Tumezoea hizi za kisasa ambazo alama haibanduki katikati, ndo maana tunashtuka.

Sasa kulia na kushoto je? Hapo fundi alikuwa anasogeza kishikio cha nyuma kilichofungwa kwenye bunduki, na kila darubini ilichongewa vishikio vyake kwa mkono kwa bunduki moja. Kwa hiyo alama ikiwa imeenda mbali sana mi ningeuliza kwanza kama hiyo darubini haijatolewa kwenye bunduki nyingine. Cha kuogopa kweli ni ukungu ndani na gundi ya lenzi iliyoanza kuachia.