Fantasia fupi ni nini?

Fantasia fupi ni hadithi ya kubuni yenye jambo lisilowezekana, na wahusika wanaishi nalo kama kweli lipo. Ufupi hupimwa kwa maneno: tuzo ya Nebula ya Marekani, kwa mfano, huhesabu hadithi fupi kuwa ile isiyofikia maneno 7,500. Ukipanda basi Mtwara, umeimaliza kabla ya Mnazi Mmoja, ile ya Lindi.

Watu huichanganya na ngano. Ngano haina mwenyewe, kila bibi huitia chumvi yake. Fantasia ina mwandishi.

Mimi hupenda ubahili wake: ajabu moja tu inatosha. Tuseme ni msimu wa korosho huko Tandahimba, na mizani ya ghalani imeanza kupima na madeni ya mwenye gunia. Anayedaiwa dukani, kilo zake zinapanda. Karani anaipiga mizani kofi, anaipangusa, anapima tena: vilevile. Kufika jioni kijiji kizima kimekimbilia kukopa, hata wasio na shida. Anabaki bibi mmoja asiyedaiwa hata shilingi. Korosho zake ni safi kuliko za wote, na ndiye anayeondoka na pesa kidogo.

Nilitamani mizani isisome kitu kabisa kwa bibi yule. Ingechekesha, lakini ingevunja sharti: deni linaongeza, halipunguzi. Msomaji hukubali ajabu yoyote, ila ukiigeuza katikati ya safari anashuka. Mengine yote yabaki ya kawaida, yaani vumbi, foleni na karani mwenye hasira.

Aina ni nyingi. Ipo ya kutisha, ipo ya kuchekesha, ipo inayobuni nchi nzima. Hii ya mwisho hunichosha ikiwa fupi, maana nusu yake huishia kwenye majina ya wafalme.

Lindi nako malighafi ipo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria Tendaguru, wapagazi wakaibeba hadi bandarini, ikaenda Berlin. Hiyo ni historia. Wataalamu wakimfufua mmoja maabara, hiyo ni hadithi ya kisayansi. Lakini dinosaria akibisha hodi usiku kwenye nyumba ya pembeni, akauliza mifupa yake iko wapi, na mwenye nyumba akamkaribisha kigoda kabla ya kukiri kwamba babu wa babu yake alikuwa miongoni mwa walioibeba, hapo ndipo fantasia ilipo.