Chapa si nakala: dhana potofu kuhusu wachapaji wakubwa

Dhana inayonikera kuliko zote ni ile ya kwamba chapa, yaani picha inayochapwa karatasini kutoka kwenye ubao au bamba lililochongwa, ni picha ya picha. Kwamba mahali fulani imetunzwa kazi yenyewe, na karatasi hizi tunazoziona ni nakala tu. Ndiyo maana mtu huuliza "Wimbi Kubwa" la Hokusai, msanii wa Japani, limetundikwa wapi, kana kwamba lipo moja.

Halijawahi kuwa moja. Hokusai alichora kwa brashi kwenye karatasi nyembamba, mchongaji akaibandika karatasi hiyo juu ya ubao, akachonga akifuata mistari, na mchoro ule ukaishia hapohapo chini ya kisu. Kilichobaki ni mbao za kuchapia. Kila karatasi iliyotoka kwenye mbao hizo, kuanzia mnamo 1831, ni kazi halisi. Ipo New York, ipo London, na hakuna iliyo kivuli cha mwenzake.

Dhana ya msanii kufanya yote kwa mkono wake nayo haisimami hapo. Mchapishaji alitoa fedha, mchongaji akachonga, mchapaji akapaka rangi na kusugua karatasi. Mfululizo wenyewe huitwa "Mandhari 36 za Mlima Fuji", lakini picha zake ni 46, maana zilipendwa hadi zikaongezwa 10. Na lile si wimbi la tsunami kama wengi wasemavyo. Ni bahari iliyochafuka, na mashua tatu zimo ndani yake, wapiga makasia wameinama.

Wengine huamini kwamba bamba moja huzaa chapa zilizo sawa. Waitazame "Misalaba Mitatu" ya Rembrandt, msanii wa Uholanzi, ya 1653. Alilikwaruza bamba la shaba kwa sindano, na vinyweleo vya shaba vinavyoinuka kando ya mkwaruzo ndivyo hushika wino na kuutandaza kama mahameli. Mashine ya kuchapia huvilaza vinyweleo hivyo upesi, kwa hiyo chapa za mwanzo huwa na weusi mzito ambao za baadaye hazina. Rembrandt hakuishia hapo. Baadaye alilirudia bamba lilelile, akafuta watu wengi na kuuzamisha umati gizani. Kwangu mimi hii ya pili ndiyo kubwa zaidi: mwanga umebaki kidogo sana, na unamwangukia Kristo.

Kifaru wa Dürer, msanii wa Ujerumani, katika chapa yake ya 1515, hakuchorwa kwa kumtazama mnyama. Kifaru alikuwa Lisbon, Dürer yuko Nuremberg akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Ndiyo sababu ana ngozi kama deraya na kipembe mgongoni, na Ulaya ikamsadiki kwa zaidi ya karne mbili.

Kuhusu Goya, msanii wa Hispania, wengi hudhani mfululizo wake wa chapa "Maafa ya Vita" uliwatikisa Wahispania wa zama zake. Aliyachonga mabamba yake kati ya 1810 na 1820, lakini chapa zilitolewa kwa umma mwaka 1863, miaka 35 baada ya kifo chake.

Na lino, ile malighafi laini ya kutandika sakafuni inayochongwa kama ubao wa kuchapia, eti ni ya mazoezi ya watoto shuleni? John Muafangejo wa Namibia, aliyesoma sanaa katika kituo cha Rorke's Drift huko Afrika Kusini, aliitumia kusimulia kanisa, vita na upweke wake. Aliandika maneno ndani ya picha, na kila herufi ilibidi aichonge kinyume ili isomeke sawasawa karatasini.