Hakuna aliyeiona hiyo lithiamu

Nimeulizwa tena: "Kama mnajua milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, imejaa lithiamu, ile metali ya betri, mnangoja nini kuichimba?" Sisi wajiolojia hatujui. Tunakadiria, na tunachokadiria ni mashapo ambayo bado hayajagunduliwa. Hayajagunduliwa, jamani. Hakuna kisima cha uchorongaji tulichokificha mahali.

Kuchora eneo ndiyo kazi nyepesi. Tunafuata pegmatiti, miamba yenye fuwele kubwa, zilizo na spodumini, madini yanayobeba lithiamu, na ukanda wa Kings Mountain kule North Carolina ulichimbwa miaka mingi kabla lithiamu ya maji chumvi ya Chile haijashusha bei. Shida ni kuona. Mashine ya mkononi ya eksirei haiioni lithiamu, maana ni nyepesi mno, kwa hiyo tunapima felspa, madini mengine ya mwamba huohuo: rubidiamu ikipanda sana dhidi ya potasiamu, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilichujika vya kutosha na inafaa kuendelea kutafuta. Kusini mwamba umeoza kwenda chini, na spodumini iliyokuwa juu imeshageuka udongo mweupe. Kaskazini kifusi cha barafu ya kale kimefunika sehemu kubwa. Pegmatiti ya Plumbago kule Maine, yenye fuwele za spodumini ndefu kuliko basi dogo, iliibuliwa na watafuta vito, katika jimbo ambalo wajiolojia wanalikanyaga tangu karne ya 19!

Sasa namba. Wataalamu wanakaa, kila mmoja anaandika anadhani yamebaki angalau mashapo mangapi, kwa uwezekano wa asilimia 90, 50 na 10. Kwenye 90 unaruhusiwa kuandika sifuri, na si ajabu kuiona. Kisha kompyuta inabahatisha maelfu ya mara, ikichota tani na kiwango cha lithiamu kutoka mashapo yanayojulikana. Kinachotoka ni mtawanyiko mpana. Ile namba moja inayorushwa kwenye habari huwa ya katikati tu: uwezekano ni nusu kwa nusu kwamba kiasi halisi kiko chini yake. Wastani huwa juu zaidi, kwa sababu mashapo machache makubwa kupindukia huuvuta. Na msichukue namba ya katikati ya kaskazini mkaijumlisha na ya kusini mkadhani mmepata ya milima yote. Hesabu haiendi hivyo, hata mkinitumia jedwali lenye rangi. Halafu tani ya oksidi ya lithiamu si tani ya lithiamu. Lithiamu yenyewe humo haifiki nusu.

Kinachonikosesha raha ni kingine. Mashapo tunayoilisha kompyuta ni yale yaliyochorongwa vizuri, yaani yale ambayo mtu alishanusa pesa. Madogo mengi yaliachwa bila kupimwa, kwa hiyo nashuku tani zetu zinaegemea juu. Na hao wataalamu mezani wamesoma ripoti zilezile, wengine wamefundishwa na mwalimu mmoja. Namba zao zikikaribiana, ripoti huandika kwamba wameafikiana. Mimi hapo ndipo ninapoanza kuuliza nani aliongea kwanza.