Ardhi ya Umma ya Ufuoni na Chini ya Maji: Maana Yake

Ardhi ya umma ya ufuoni na chini ya maji ni ile sehemu ya nchi ambayo maji huifunika daima, au huifunika na kuiacha kila siku, na ambayo sheria imeiweka mikononi mwa umma. Nchini Kenya, kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaitaja waziwazi: ni ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa, na vilevile mito, maziwa, na bahari ya nchi pamoja na sakafu yake.

Neno zito hapa ni amana. Serikali ya kitaifa haikupewa ardhi hiyo kama mtu anavyomiliki shamba lake, bali imewekewa iishike kwa niaba ya wananchi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ikiisimamia, wala haiwezi kuitoa au kuitumia ila kwa kufuata sheria iliyopitishwa na Bunge.

Ugumu ni kwamba ardhi yenyewe haina mpaka uliotulia. Mombasa, wakati wa bamvu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa kiasi kikubwa zaidi, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, mwamba ukabaki wazi hadi mbali na watu wakaenda kuchokoa pweza. Siku za maji mafu, ambapo kujaa na kupwa ni kudogo, sehemu kubwa ya mwamba huohuo haionekani. Kifungu hakisemi ni kujaa kwa siku zipi kunakohesabiwa, na tofauti hiyo, kwenye ufuo tambarare, yaweza kuwa upana wa kiwanja kizima.

Tanzania imeanzia nchi kavu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa kuwa mchanga uliolowa waweza kuwa wa umma huku kiwanja cha nyuma yake kina hati ya mtu binafsi. Ukuta ukishaziba kijia cha kushukia dikoni, yaani mahali vyombo vya wavuvi hutia nanga, mvuvi aliyebeba mashine ya boti begani hulazimika kuzunguka mbali ili akanyage ardhi ambayo, kama huko Kenya, Katiba imekwisha kumwekea.