Lava ya Nyiragongo kwenye kompyuta: majaribio machache yaliyopangwa vizuri

Anayetaka kujua lava ya Nyiragongo itashukia mitaa gani ya Goma hawezi kungoja volkano ilipuke mara mia. Anatumia modeli ya kompyuta. Anaipa ramani ya miinuko, mahali ufa unapofunguka, unene wa lava, wingi na joto lake, nayo inachora njia. Lakini namba hizo hakuna anayezijua kwa uhakika, kwa hiyo modeli lazima iendeshwe mara nyingi.

Mara ngapi? Tuseme namba hizo, yaani vigezo, ni 8, na kila kimoja kina viwango 10 vya kujaribiwa. Michanganyiko yote ni milioni 100. Kila mmoja ukichukua dakika moja tu, kazi itaisha baada ya miaka 190, umeme usipokatika hata siku moja.

Wengi hukimbilia kubadilisha kigezo kimoja huku vingine vimefungwa. Siishauri kabisa. Unene wa lava unaweza kuonekana hauna uzito ufa ukifunguka juu mlimani, kumbe ukifunguka chini, upande wa Munigi karibu na mji, kama mwaka 2002, ndio unaoamua nani ahame. Njia hiyo haiuoni uhusiano huo.

Mwaka 1979 wanatakwimu McKay, Beckman na Conover walieleza mpango unaoitwa haipakyubu ya Kilatini. Kwa majaribio 80, upana wa kila kigezo hukatwa vipande 80, na kila kipande hutumika mara moja tu, kikioanishwa kwa kura na vipande vya vigezo vingine. Majaribio 10 kwa kila kigezo ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Waliozoea majaribio ya shambani hurudia mbegu ileile kwenye viwanja kadhaa, maana udongo hutofautiana. Modeli isiyo na bahati nasibu ndani yake hutoa jibu lilelile daima, hivyo kuirudia ni kupoteza muda.

Baada ya hayo 80, ongeza mengine pale jibu linapogeuka ghafla, kwa mfano lava inapoanza kugusa uwanja wa ndege. Kisha linganisha na Januari 2002, lava ilipokata mji mpaka Ziwa Kivu. Kama hakuna jaribio linalokaribia njia ile, msiwapelekee wakaaji wa mitaa ya Goma, Majengo wala Birere, ramani yoyote. Na ramani ya miinuko iwe ya baada ya Mei 2021, kwa sababu lava ya mwaka huo ilibadilisha ardhi ambayo inayofuata itapitia.