Nane Nane: Yanayosemwa na Yalivyo

Agosti ikikaribia, maneno yaleyale huanza kuzunguka kuhusu Maonesho ya Nane Nane, maonesho ya wakulima ya kila mwaka hapa Tanzania. Mengine hayana madhara, lakini mengine yanamnyima mkulima faida ambayo angeipata pale bila gharama kubwa. Nimekwenda viwanja vya Morogoro tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono, na maonesho haya nayapenda.

“Nane Nane ni kumbukumbu ya jambo lililotokea tarehe 8 Agosti.”

Hakuna jambo kama hilo. Zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, siku chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954. Chama na jembe vikisherehekewa siku moja. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, haikuchukua muda wakulima wakapewa siku yao, mwezi mmoja na siku moja mbele, na jina likafuata mdundo uleule. Saba Saba ikabaki na maonesho ya biashara ya kimataifa pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. (Ndugu zetu wa Kenya wanaposema Saba Saba wana yao: maandamano ya kudai vyama vingi ya mwaka 1990. Tarehe ni moja, habari ni mbili.)

“Usipofika Dodoma, hujaiona Nane Nane.”

Maonesho hufanyika kwa kanda. Kaskazini wana Themi, Arusha. Nyanda za Juu Kusini wana John Mwakangale, Mbeya. Kusini wana Ngongo, Lindi, na Kanda ya Ziwa wana Nyamhongolo, Mwanza. Sisi wa Mashariki, yaani Morogoro, Pwani, Tanga na Dar es Salaam, tuna viwanja vya Mwalimu Nyerere hapa Morogoro. Kilele cha kitaifa nacho huhama: mwaka 2018 hadi 2020 kilikuwa Nyakabindi, Simiyu, 2022 na 2023 Mbeya, 2024 kikawa Nzuguni, Dodoma. Kwa mkulima, banda la kanda yake mara nyingi lina faida zaidi, kwa sababu mbegu zinazooneshwa pale zimechaguliwa kwa udongo na mvua za kwao.

“Mazao ya kwenye vipando ni ya maonesho tu.”

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Mtu anapita kwenye kipando cha mahindi, yaani kishamba cha mfano, anaona magunzi yamejaa punje, kijani kibichi katikati ya kiangazi, anacheka: “Haya ya serikali.” Mwingine anaona yaleyale, ananunua mfuko wa mbegu palepale akiamini shamba lake litafanana hivyo. Wote wawili wamekosea.

Agosti sehemu nyingi za nchi mvua zimeshakata. Ili mahindi yawe yamebeba wageni wanapofika, yalipandwa miezi mitatu au minne nyuma, na tangu hapo yanamwagiliwa. Ukiangalia chini utaona mipira ya matone imelazwa mstari kwa mstari. Wakati mwingine zao moja hupandwa kwa kupishanisha wiki, ili mgeni aone mche, ua na suke kwa mpigo. Kwa hiyo mmea ni wa kweli, nafasi ni ya kweli, mbolea ni ya kweli. Kilichoongezwa ni maji ya uhakika. Swali la kumuuliza mtaalamu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, au wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ni hili: isipomwagiliwa, kwa mvua za kwetu, mbegu hii inakomaa siku ngapi? Wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero wanaoijua mbegu ya SARO 5 wanaelewa kwa nini siku za kukomaa ni jambo la kuuliza kabla ya bei.

Na ukinunua mbegu, tazama kwenye mfuko lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu. Mfuko usio na lebo uache hapo hapo, hata muuzaji awe amevaa fulana ya maonesho.

“Ni sherehe ya nyama choma na nguo za mitumba.”

Vipo, na watoto wanavifurahia. Lakini hatua chache mbele kuna ng'ombe wa maziwa, mabwawa ya samaki, mashine za kukamua alizeti, na kazi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na Magereza.

“Siku nzuri ya kwenda ni tarehe 8.”

Tarehe 8 ni siku ya kilele: hotuba, msafara, vumbi na foleni. Wataalamu wanasubiri mgeni rasmi. Maonesho kwa kawaida huanza tarehe 1, na siku za mwanzo ndizo za maswali. Mwaka mmoja, asubuhi ya siku ya pili, nilimkuta mama mmoja amefungua gazeti juu ya meza ya banda, ndani yake jani la muhogo na kipande cha mzizi wenye mabaka ya kahawia. Bwana shamba aligeuza jani, akakata mzizi kwa kisu, akautazama kwa muda.

“Mama, pingili ulizitoa wapi?”

“Kwa jirani.”

“Na yeye?”

Mama akanyamaza, akihesabu. Ilikuwa michirizi ya kahawia, ugonjwa unaobebwa na nzi weupe na kusafiri ndani ya pingili zenyewe. Walikaa karibu nusu saa, bwana shamba akimchorea kwenye daftari jinsi ya kung'oa mashina yenye ugonjwa na mahali pa kupata pingili safi. Nyuma yao hapakuwa na foleni.