Feni ya Giaboksi ya Trekta ya Bustani Haili Nguvu Bure

Katika makundi ya gumzo ya wenye trekta ndogo za kukatia nyasi huzunguka ujumbe usemao kwamba feni ya plastiki iliyo juu ya giaboksi ya haidrostatiki hula nguvu ya injini bure, na kwamba ukiing'oa trekta itapanda vilima vizuri zaidi. Si kweli.

Giaboksi hiyo huendesha magurudumu kwa oili inayosukumwa na pampu hadi kwenye mota, na sehemu ya nguvu hiyo hugeuka joto, ambalo feni hulipunguza kwa kuipuliza giaboksi hewa. Oili ikipata moto kupita kiasi huwa nyepesi, huvuja ndani kwa ndani kati ya pistoni za pampu na matundu yake, na trekta hulegea, jambo la hatari mteremkoni, ambako giaboksi hiyohiyo ndiyo inayozuia mwendo. Nguvu inayotumiwa na feni ni ndogo mno.

Wengi huchanganyikiwa kwa sababu trekta iliyong'olewa feni huenda vizuri asubuhi, oili ikingali baridi. Tena zipo giaboksi zilizoundwa bila feni tangu kiwandani.

Ukitaka kuhakikisha, soma kitabu cha mtengenezaji, kisha zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi na uichungulie feni: mapanga yake yaliyokatika au nyasi zilizogandamana ndizo kasoro za kurekebisha. Usipeleke mkono injini ikiwaka, kwani mkanda huweza kuizungusha feni hata trekta ikiwa imesimama.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, na aliyekutumia mweleze kwa upole.